Kutulia Si Kupona

Kuna neno moja katika lugha yetu ambalo nimelichukia kwa miaka zaidi ya 20 sasa, nalo ni neno "ametulia". Neno lenyewe halina ubaya wowote. Mtoto aliyekuwa akilia hunyonya akatulia, na upepo uliovuma usiku kucha hutulia alfajiri. Ubaya huanza pale tunapolitamka juu ya mgonjwa wa akili, kisha tukainuka, tukakung'uta vumbi la nguo zetu na kwenda zetu, kana kwamba kazi imekwisha. Kwetu Kwaluguru, na nadhani katika vijiji vingi vya Handeni na Korogwe, mgonjwa huyu ana hali mbili tu: ama amechachamaa, ama ametulia. Hali ya tatu hatuijui, wala hatutaki kuijua. Makala haya nayaandika kwa ajili ya hiyo hali ya tatu, na nayaandika nikiwa mmoja wa washitakiwa, si hakimu.

Mdogo wangu aliugua mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 20, alipokuwa mkata mkonge katika shamba mojawapo huko Korogwe. Alianza kusikia watu wakimsema usiku. Akakataa chakula cha wenzake akidai kimetiwa sumu. Mwishowe alitoka kambini akaja nyumbani kwa miguu, akizungumza njia nzima na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Alipofika tulimfunga kamba. Ndiyo, tulimfunga, na mimi ndiye niliyeshika miguu. Tulimpeleka kwa mganga, kisha kwa mganga wa pili, na mbuzi wetu wawili waliishia huko. Hatimaye tukampeleka hospitali. Huko alipewa dawa, na baada ya majuma machache zile sauti zikanyamaza. Tulirudi naye kwa basi, ameketi baina yangu na mjomba, hasemi neno. Majirani waliokuja kutupokea walimtazama usoni, wakasema: "Alhamdulillahi, ametulia."

Na kweli alitulia. Alitulia miaka na miaka. Aliketi juu ya kigoda chini ya mwembe tangu asubuhi, mpaka jua linamhamisha upande wa pili wa shina. Haogi mpaka aambiwe. Ukimwuliza kama amekula, atajibu "Ndiyo." Ukimwuliza amekula nini, atanyamaza mpaka wewe mwenyewe usahau ulichouliza. Jembe lake liliota kutu penye pembe ya nyumba. Rafiki zake walikuja mara mbili tatu kumsalimu, wakaona hakuna mazungumzo, wakaacha. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akimwekea chakula chake pembeni na kumfunika kwa kanga anaposinzia. Sisi wengine tulikwisha kumpata jina. Tulimwita mvivu.

Ndugu msomaji, hapa sina budi kukuingiza darasani kidogo, maana nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa maisha yangu yote ya kazi, na jambo lenyewe ni la kujumlisha na kutoa.

Ugonjwa wa mdogo wangu huitwa skizofrenia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba humpata mtu 1 katika kila watu 300 hivi duniani, kwa hiyo hakuna tarafa isiyokuwa na wagonjwa wake. Wataalamu huzigawa dalili zake katika mafungu makubwa mawili, nao huyaita dalili chanya na dalili hasi. Wengi wakisikia "chanya" hudhani ni dalili njema, na "hasi" hudhani ni dalili mbaya. Sivyo hata kidogo. Dalili chanya ni zile zilizojumlishwa, yaani mambo ambayo mtu mzima wa afya hana, nayo yameongezeka kwa mgonjwa: sauti zisizo na msemaji, dhana za kuwindwa, maneno yasiyoshikana. Dalili hasi ni zile zilizotolewa, yaani mambo ambayo mtu mzima wa afya anayo, nayo yamepunguka. Mimi nitaziita dalili za ziada na dalili za upungufu, kwa sababu majina hayo hayamdanganyi msikilizaji.

Sasa angalia ubaya wa upungufu. Ziada hujitangaza yenyewe. Mtu akipiga kelele usiku wa manane kijiji kizima huamka, na mwenyekiti huja na mgambo. Upungufu haumwamshi mtu. Hakuna aliyewahi kukimbia kwenda kwa mwenyekiti kusema, "Njooni haraka, ndugu yangu amekaa kimya." Ndiyo maana dalili za ziada hupelekwa hospitali, na dalili za upungufu huachwa chini ya mwembe.

Wataalamu nao hawakuuona upungufu sawasawa kwa siku moja. Bleuler mwenyewe aliuona, lakini baada ya hapo macho ya wengi yalielekea kwenye kelele. Mwaka 1980 Timothy Crow wa Uingereza alitoa hoja kwamba ziada na upungufu pengine hutokana na mambo tofauti ndani ya ubongo, na kwamba dawa zilizopo husaidia zaidi upande wa ziada. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980, Nancy Andreasen wa Marekani alitunga kipimo cha kuhesabu upungufu kipengele kwa kipengele. Mwaka 2005 wataalamu walikutana huko Marekani wakakubaliana juu ya makundi matano. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini, kwa maana nilikuwa nikisoma habari za mdogo wangu.

Kundi la kwanza ni uso na sauti kupoteza mabadiliko, mtu akawa anasema habari ya harusi na habari ya msiba kwa sauti ile ile. La pili ni ufinyu wa maneno: "Ndiyo", "Hapana", basi. La tatu ni kupungukiwa na msukumo, yaani mtu anaona jembe, anajua mvua imenyesha, anajua shamba ni lake, lakini ile nguvu ya ndani inayomwinua mtu kutoka kitini haiji. La nne ni kujitenga na watu. La tano ni kupungukiwa na raha. Baadaye watafiti waligundua kwamba makundi mawili ya kwanza aghalabu huandamana, nayo ni upungufu wa kujieleza. Matatu yaliyobaki nayo huandamana, nayo ni upungufu wa msukumo.

Haya, tulinganishe na uvivu. Mvivu tunamjua sote, na wengine wetu tunamjua kwa kujitazama kwenye kioo. Mvivu huikimbia kazi akaifuata starehe. Hukwepa jembe, lakini ngoma haikwepi, na pombe haimpiti. Huamka mgonjwa siku ya palizi akapona siku ya mavuno. Mdogo wangu hakwenda shamba, na ngomani hakwenda pia. Hakulima, wala hakucheza bao, wala hakumfuata msichana, wala hakuomba sigara. Kama ule ulikuwa uvivu, basi ulikuwa uvivu wa ajabu, uvivu usiokuwa na faida kwa mvivu mwenyewe! Hata mtoto wa darasa la tatu angeiona hitilafu hiyo, lakini mimi mwalimu sikuiona.

Kwa nini sikuiona? Nadhani sehemu ya jibu imo katika malezi ya kizazi chetu. Sisi tulikua tukiimba Uhuru na Kazi. Tuliambiwa, na ilikuwa kweli, kwamba nchi maskini haijengwi na watu waliokaa. Asiyefanya kazi tulimwita kupe. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi, waliokuwa wakionekana kuzurura mijini walikamatwa na kurudishwa mashambani. Sisemi kwamba kuhimiza kazi ni kosa. Ninachosema ni kwamba tulijifunza kumhukumu mtu aliyekaa kabla hatujajifunza kumwuliza kwa nini amekaa. Na hukumu hiyo tuliibeba mpaka nyumbani, tukaitumia juu ya wagonjwa wetu.

Mama alifariki mwaka 1998. Mdogo wangu alisimama kando ya kaburi, mikono imening'inia, uso mkavu kama ubao. Hakutoa chozi hata moja. Watu walinong'ona. Mmoja alisema yule si binadamu tena, na mwingine alisema maneno mabaya zaidi kuhusu kifo chenyewe, ambayo sitayarudia hapa. Mimi nilikasirika, nikajiambia kwamba mama alimpoteza mwanawe zamani, na kilichobaki ni tumbo linalokula. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kutawanyika, alikuja nilipoketi. Hakuwa na desturi ya kuja alipo mtu. Akaniuliza kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka: "Usiku ule, mama alikuwa amekula?"

Sikuwa na jibu, maana sikuwa najua. Hakuna kati yetu tuliolia kwa sauti ambaye alikuwa amejiuliza jambo hilo. Yeye alikuwa amekaa nalo siku 40.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hilo limepimwa. Watafiti waliwaonyesha wagonjwa wa namna hii picha za kufurahisha na za kuhuzunisha, wakakuta kwamba nyuso zao hubadilika kidogo kuliko za watu wengine, lakini wakiulizwa wanachokisikia moyoni, husema kinachokaribiana sana na cha wengine. Kadhalika wengi wao hufurahia kitu kizuri kinapokuwa mkononi. Kinachopungua zaidi ni ile hamu ya kukitazamia kabla hakijaja. Kwa maneno mengine, mlango umekwama, lakini nyumba ina mwenyewe ndani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliigeuza methali hiyo kuwa ya kuogopa maadui, tusikumbuke kwamba inawahusu ndugu zetu pia.

Mwaka 1999 mjomba aliitisha kikao cha ukoo. Mdogo wangu alikuwa na ekari mbili katika shamba la ukoo, na kwa miaka mitano hazikuwa zimelimwa. Mjomba alisema shamba halilimwi kwa jina, na kwamba ardhi haimsubiri mvivu. Wote tulikubali. Mwenyewe aliulizwa kama ana neno. Alinyamaza, nasi tukaandika kwamba ameridhia. Ekari zile nilipewa mimi. Mwaka uliofuata nikaziuza, na fedha zake zikalipa ada ya mwanangu. Kwa hiyo, msomaji wangu, usidhani kwamba majina ya dalili ni mchezo wa wasomi. Kama tungemwita mgonjwa, tungemlimia. Tulimwita mvivu, tukamnyang'anya.

Mwaka 2001 alihamia katika zahanati ya jirani muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo. Siku tulipompeleka mdogo wangu kupata sindano yake ya mwezi, muuguzi hakumwuliza yale maswali mawili ya kila siku: unasikia sauti? unapiga watu? Alimwambia: "Baba, hebu tembea mpaka pale mlangoni urudi." Alitembea. Hatua zilikuwa fupi, mikono haikuyumba, na mate yalimtoka pembeni ya mdomo. Yule mama akanigeukia mimi. "Mwalimu, hii si akili yake. Dawa imemzidi." Alikuwa akipewa sindano na vidonge kwa pamoja, kiasi kile kile alichoandikiwa siku zile alipokuwa anapigana na watu wanne. Hakuna aliyekuwa amekitazama tena. Daktari alipokipunguza, haukupita muda mrefu mikono ikaanza kuyumba tena anapotembea. Mate yakakoma. Uso ukapata uhai kidogo. Tulikuwa tumekaa miaka tukiilaumu tabia ya mtu, kumbe tulikuwa tukiilaumu sindano.

Lakini sikiliza na upande wa pili, usije ukasema nawapiga vita madaktari na dawa zao. Mwaka 1996 mjomba alikuwa amevitupa vidonge chooni, akisema ndivyo vinavyomlaza kijana. Baada ya wiki chache sauti zilirudi, na tulimkamata usiku barabarani akikimbia mbele ya magari. Dawa ilikuwa imemwokoa, na kiasi chake kilikuwa kimemwumiza. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Tena baada ya dawa kupunguzwa hakugeuka kuwa msemaji. Sehemu ya kimya chake ilikuwa ya dawa, nayo ikaondoka. Sehemu nyingine ilikuwa ya ugonjwa wenyewe, nayo ikabaki.

Hilo ndilo jambo ambalo William Carpenter na wenzake wa Marekani walilisisitiza mwaka 1988: kwamba kuna upungufu unaotoka katika ugonjwa wenyewe, na kuna upungufu unaofanana nao kwa sura lakini umezaliwa na kitu kingine. Mtu hunyamaza kwa sababu anaogopa. Sauti zimemkataza kusema. Mtu hunyamaza kwa huzuni, maana mgonjwa wa akili naye anajua alichopoteza. Mtu hukakamaa kwa dawa. Mtu hudumaa kwa sababu hakuna anayemsemesha. Na mtu hunyamaza kwa sababu ugonjwa umemkausha ule msukumo. Hivyo ni vimya vitano, vyote vimeketi juu ya kigoda kimoja, chini ya mwembe mmoja.

Najua atakayenijibu. Atasema: "Mwalimu, kuainisha ni kazi ya maprofesa. Sisi kwetu ni njaa na ukame, hatuna nafasi ya kupanga vimya." Nami namwuliza: mahindi yako yakigeuka njano, je, husemi kitu? Kwa hakika unasema. Utainama, utafunua majani. Utatazama kama ni ukame, kama ni wadudu, kama udongo umechoka, au kama magugu yameyasonga. Hutasema "Mahindi haya ni mavivu." Wala hutayamwagia dawa ya wadudu yanapodai maji. Mkulima wa Kwaluguru ni mwainishaji hodari kuliko maprofesa wengi, na ustadi huo anautumia juu ya mahindi. Namwomba autumie na juu ya mwanawe.

Atauliza tufanye nini. Kwanza tuulize. Je, anaogopa? Je, ana huzuni, halali, amewahi kutamka kwamba heri afe? Hayo ni ya kupelekwa hospitali upesi. Je, kimya kilizidi baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, na mwili umekakamaa? Arudishwe kwa aliyemwandikia, wala vidonge visitupwe chooni. Je, ni lini mara ya mwisho mtu alimpa kazi ndogo, au alimsalimu akangoja jibu? Mwaka 1970 watafiti wawili wa Uingereza, John Wing na George Brown, walitoa kitabu juu ya hospitali tatu za wagonjwa wa akili. Walikuta kwamba pale wagonjwa walipoachwa wakae tu bila la kufanya, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi, na mazingira yalipotengenezwa ulipungua. Kiti nacho huleta ugonjwa.

Wala hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza hilo. Tazama milimani, upande wa Usambara, katika wilaya yetu ya jirani ya Korogwe. Iko Lutindi. Palianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hiyo ni karibu nusu karne kabla ya klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, kuanza kutumika mwaka 1952. Huko wagonjwa wamekuwa wakishiriki kazi za mashamba, chai ikiwamo, na kazi ni sehemu ya matibabu. Angalia tofauti: kazi inayotolewa kama dawa huanza na kidogo, huandamana na mtu wa kufanya naye, na hushukuriwa. Kazi inayotolewa kama fimbo huanza na matusi. Sisi tulikuwa na fimbo tu.

Na pale maswali yote yatakapokuwa yamejibiwa, na kimya kikabaki, hapo ni ugonjwa wenyewe. Sitakudanganya: mpaka leo hakuna dawa inayouondoa upungufu huo kwa uwezo ule ambao dawa zetu huzinyamazisha sauti. Hapo kinachotakiwa ni subira na hatua ndogo ndogo. Lakini kinachotakiwa kabla ya hayo ni kuacha kutukana. Mtu aliyevunjika mguu hatumwiti mvivu wa kukimbia.

Mdogo wangu yu hai, amepita miaka 50. Kila asubuhi namwambia, "Twende," nami natangulia, naye huja. Nikimwambia "Nenda," haendi. Ilinichukua miaka kuijua tofauti ya maneno hayo mawili. Huwapa kuku maji, na hufagia chini ya ule mwembe. Wapo watakaosema hayo ni machache. Kwa aliyeketi miaka saba si machache.

Ekari zake mbili hazijarudi. Aliyenunua amejenga, na mjomba ni marehemu. Katika wosia wangu nimeandika kwamba sehemu yangu ya shamba, ekari mbili kamili, ni yake, na wanangu wamelisikia hilo kutoka kinywani mwangu, mbele yake. Nilimwuliza kama ana neno. Alinyamaza. Safari hii sikuandika kwamba ameridhia. Nilikaa naye nikangoja, na bado nangoja.

Nawe msomaji, ukipita kesho katika kijiji chako ukamwona mtu ameketi, na watu wakakuambia "Huyo ametulia," usishukuru na kupita. Simama umwulize jambo dogo, kisha uwe na adabu ya kungoja jibu.